Popo Mia Nyuma ya Kiti cha Enzi

Wapo watu wanaoharibikiwa kwa ulevi, na wengine kwa kamari. Pan Dexiu, mchonga mbao kutoka Guangzhou, aliharibikiwa kwa adabu, tena adabu aliyofundishwa na mama yake mzazi kwa makofi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, mwezi wa tatu, vumbi la Beijing likiingia mpaka kwenye meno. Mafundi wawili waliitwa mbele ya meza katika karakana za kasri, na juu ya meza kulikuwa na mchoro uliotandazwa. Kilichochorwa ni kiwambo kikubwa cha msandali mwekundu, cha kusimama nyuma ya kiti cha enzi. Upande wa mbele, majoka tisa yakichezea lulu mawinguni, kila mguu kucha tano, kwa sababu kucha tano ni za Mwana wa Mbingu, yaani mfalme, peke yake na mwingine akizichonga nyumbani kwake shingo yake ina hesabu ya kutoa. Upande wa nyuma, ule wa kuelekea ukutani, popo mia moja wa heri, maana kwa Kichina jina la popo na la heri hutamkwa sawa. Msimamizi, Bwana Yingde, alikuwa mtu wa kaskazini, wa ukoo wa wapanda farasi, na siku hiyo nyama yake ya kondoo ilikuwa inapoa ofisini.

"Fundi Pan," alisema, "mbele utachonga wewe."

Moyo wa Pan uliruka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, amevuka nchi nzima kwa mashua na kwa mguu ili aambiwe maneno kama hayo. Lakini heshima kubwa haidakwi kama mpira. Unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu unakubali huku unalalamika. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote mtaani kwao, na hakuna aliyewahi kupungukiwa kitu.

Pan akainama. "Mimi, Bwana? Mkono wangu bado mzito. Sistahili."

"Unastahili. Chukua mchoro."

"Hapana, Bwana, nitaliaibisha kasri. Wapo wanaonizidi."

Akainama tena, chini zaidi, akakaa huko huko akisubiri mara ya tatu. Maneno ya kukubali alikuwa nayo tayari mdomoni. Bwana Yingde, ambaye kwao mtu akisema hapana basi amesema hapana, alipiga miayo.

"Haya. Hong, utachonga wewe?"

"Nashukuru, Bwana," alisema Hong Zantai, hata pumzi hakuvuta.

Huyu Hong naye alitoka Guangzhou, mtaa ule ule, na makofi aliyolelewa nayo yalikuwa ya aina ile ile. Jioni, wakiwa wanatoka langoni, walinzi wakiwapekua mifuko na mikono wasije wakaondoka na hata kibanzi cha msandali, Pan alimsogelea.

"Kaka Hong, yaani hata mara moja hukukataa?"

"Mdogo wangu," alisema Hong, akiinua mikono apekuliwe kwapani, "wewe ulikuwa umeshakataa mara mbili. Mimi nilidhani tunachangia."

Basi Pan akapata mgongo wa kiwambo. Akauchonga kwa miaka saba.

Mkewe Qiao, aliyemfuata kutoka kusini akiwa na chungu chake cha samaki wa chumvi mapajani safari nzima, alizipokea habari hizo kama mtu aliyezitarajia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye jino moja la mbele lililopanda juu ya jirani yake, na akicheka jino hilo lilitangulia kutoka.

"Mgongo," alisema. "Nimeacha mama yangu, nimeacha wali wa maana, nimekuja kula kabichi na mikate ya mvuke katika nchi ambayo pua inatoka damu kila masika, ili mume wangu achonge mgongo wa kitu."

"Ni mgongo wa kifalme."

"Na anauona nani?"

"Ukuta."

"Basi uchonge vizuri, ukuta usije ukakusema."

Ukawa ndio mzaha wa nyumba. Kila jioni alipoingia, akiwa na unga wa mbao masikioni, Qiao alimwuliza: "Leo umechonga nini ambacho hakuna atakayekiona?" Naye Pan alimjibu kwa makini, kama anayetoa taarifa kwa msimamizi. Leo nimechonga popo mnene. Leo nimechonga popo anayepiga chafya. Leo nimechonga wawili wamenuniana.

Tuseme ukweli: angeweza kuchonga popo mmoja akamrudia mara mia. Mchoro uliruhusu, msimamizi asingejali, na ukuta, kama tulivyosema, haukuwa na neno. Lakini Pan alikuwa na kiburi, kile kiburi kibaya cha watu wapole. Alisema moyoni, mimi ndiye niliyeitwa kwanza, na mgongo huu utajua. Hivyo popo mia moja wakawa na sura mia moja. Wa arobaini na mbili, kona ya chini kushoto, alikuwa amefungua mdomo anacheka, na jino lake moja la mbele lilikuwa limepanda juu ya jirani yake. Pan alimwambia mkewe kuhusu huyo siku alipomaliza kumsugua. Qiao aliacha kukoroga uji.

"Umeniweka ukutani," alisema.

"Nimekuweka kasrini."

"Nikiwa popo."

"Popo wa heri."

Alimpiga kwa kijiko cha kupakulia, lakini si sana, na usiku ule kulikuwa na yai kwenye uji.

Kiwambo kilipokamilika kilibebwa na wapagazi thelathini na wawili kuelekea ukumbini. Mafundi waliamriwa wabaki karakana, maana kibao cha mbao walichofunga kiunoni kiliwaruhusu kufika kwenye lango la pili tu, na ukumbi ulikuwa nyuma ya lango la tano. Hong alipewa jora la hariri kwa ajili ya majoka yake. Pan alipewa jora la pamba, na akaambiwa pamba hudumu.

Kuanzia hapo Pan alikuwa na haja moja tu duniani: aingie siku moja mle ukumbini, akione kiwambo kimesimama mahali pake, na ajue kama lipo jicho, hata moja, lililowahi kutua kwenye kazi yake. Hakuwa na njia ya kufika huko. Fundi aliyeingia kasrini kwa miaka yote hiyo alilijua kasri kama siafu anavyolijua jiko: njia moja ya kuingilia na hiyo hiyo ya kutokea.

Na majoka? Ah, majoka yaliishi nao. Hong na Pan walipanga ua mmoja, vyumba vikitazamana, na hakuna mgeni aliyepita pale bila kuyasikia. Mwaka Mpya ukifika, Hong alikunywa vikombe viwili vya pombe ya mtama, akakunja mikono ya joho.

"Saa hizi," alisema, akitazama paa, "mabalozi wanaingia. Wanatazama mbele. Wanaona nini?"

"Majoka," watoto wa ua walijibu kwa pamoja, maana walishafundishwa.

"Mangapi?"

"Tisa!"

"Na Fundi Pan naye," Hong aliongeza kwa ukarimu, "alisaidia."

Qiao, aliyekuwa anakaanga maandazi ya ufuta, alisema bila kugeuka: "Kaka Hong, huyo mfalme anapoketi, uso wake unaelekea wapi?"

"Mbele, shemeji. Kwa watu."

"Basi na yeye amekupa mgongo. Kula andazi."

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Qiao aliugua kifua majira ya baridi ya mwaka wa kumi na nne tangu kiwambo kiondoke. Hakuwa mgonjwa mtaratibu. Alilalamikia dawa, alilalamikia blanketi, akalalamikia jinsi Pan alivyopika uji wa mchele kama anayechanganya gundi. Siku moja ya mwisho mwisho akauliza:

"Popo wangu yuko wapi saa hizi?"

"Anatazama ukuta."

"Maskini. Ila yeye hasikii unavyokoroma." Alipumzika kidogo. "Ukipata nafasi, kamwone. Mwambie namsalimia."

Pan alisema atakwenda kesho. Wote wawili walijua kibao cha kiunoni kinaishia lango la pili. Alimzika nje ya ukuta wa mji, mbali na kwao, na uchungu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kwa mwaka mzima hakukaa na Hong hata usiku wa Mwaka Mpya, na Hong naye, tumpe haki yake, kwa mwaka mzima hakuyataja majoka.

Pan alikuwa na miaka hamsini na tisa wito ulipokuja. Kiwambo kimepasuka. Ufa umeanzia nyuma, chini kushoto, na unapanda. Ukifika mbele utapita katikati ya joka la kati, na joka la kati likipasuka kifua nyuma ya kiti cha enzi, hapo si suala la useremala tena, ni suala la watu kukamatwa. Bwana Yingde alishakufa, na aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana mwenye jasho.

"Fundi Pan, wewe ndiye unayeujua mgongo. Utaingia wewe."

"Mimi, Bwana?" Pan alianza, kwa mazoea. Kisha akaumeza mkia wa sentensi. "Nitaingia."

Malango matano. Baada ya la pili alihesabu kwa miguu, maana aliambiwa asiinue kichwa. Mlangoni mwa ukumbi akapewa masharti: kiti kiwe na mtu au kisiwe na mtu, mbele ya kiti mtu husujudu. Utapiga paji la uso sakafuni mara tisa, utainuka ukiwa umeinama, utazunguka kwa upande wa kushoto ukitazama ncha za viatu vyako.

Pan akasujudu. Vigae vya sakafu vilikuwa vyeusi, vimepakwa mafuta, vinateleza kidogo na vina ubaridi mzuri. Akavijua vizuri sana vigae vile. Majoka yalikuwa hatua kumi mbele yake, kazi ambayo ingekuwa yake, na hakuyaona hata mkia. Akainuka ameinama, akazunguka.

Nyuma ya kiwambo alikuta harufu ya vitunguu saumu.

Shada zima la vitunguu lilikuwa limetundikwa kwenye bawa la popo wa kumi na tisa. Kwenye bawa la wa ishirini na tatu paliningʼinia soksi mbili mbichi. Vibuyu vya nyenje, vile wanavyoviweka wazee wa Beijing ili wawasikie wakiimba katikati ya baridi, vilifungwa kwa nyuzi kwenye mawingu, vinne, na nyenje walikuwa wanaimba. Chini palikuwa na birika, vikombe, chungu cha kabichi ya chumvi, na jiko la makaa lililosogezwa karibu kabisa na kona ya kushoto. Matowashi watano walikuwa wanakimbia huku na huku wakijaribu kuficha vitu vyote hivyo ndani ya mikono ya majoho yao. Wa sita, mzee mwenye uso usio na hata unywele, alikuwa amekaa kwenye kigoda na soksi moja mkononi, ameshakata tamaa.

"Ndiye mkaguzi?" alinongʼona.

"Ni fundi, Babu," alisema Pan, aliyejua kuwa matowashi wazee huitwa Babu.

"Fundi! Rudisheni vitu, watoto. Nusura niimeze soksi." Akajisogeza kwenye kigoda. "Mimi ni Gu. Sisi ndio wa nyuma. Mfalme akiwa kule mbele, sisi tunasimama hapa, tusikohoe, tusipumue, mpaka aite chai. Asipokuwepo tunakaa. Na mara nyingi hayupo, anapenda bustani zake. Kwa miaka ishirini na moja amekuja humu labda mara thelathini."

Pan alitazama jiko, akatazama ufa. "Babu Gu, hilo jiko ndilo lililopasua mbao."

"Tulijua," alisema Gu kwa huzuni. "Lakini baridi ya hapa, fundi. Na wewe mwanangu, ndiye utakayetusema?"

Pan alikuwa ameshapiga magoti kuukagua ufa, na ufa ulipita pembeni ya popo wa arobaini na mbili. Mbao ya msandali ikikaa peke yake huwa nyeusi, ya kufifia. Popo wote walikuwa weusi hivyo, isipokuwa huyu. Huyu alingʼaa kama mpini wa nyundo ya zamani. Kichwa chake kilikuwa laini, na lile jino lake lilikuwa limesuguliwa mpaka limekaribia kuwa duara.

"Huyo usimguse vibaya," alisema towashi mmoja kijana. "Huyo ni Bibi."

"Bibi?"

"Bibi Jino," alieleza Gu. "Wote tumewapa majina. Yule mnene ni Mkuu wa Jikoni. Wale wawili walionuniana ni wake wadogo wa mfalme, usiseme ni wapi umesikia. Yule anayepiga chafya, tazama, kila masika tunacheka upya. Lakini huyu Bibi, yeye ndiye wetu. Ukiitwa kwenda mbele na chai, na miguu inatetemeka, unamgusa jino kwanza. Tangu tumeanza hatujavunja kikombe. Niliyemrithi mimi ndiye aliyenionyesha, na mimi nimewaonyesha hawa. Anacheka vile kama mtu anayesema, nenda, mjinga wewe, huyo naye ana mgongo kama wewe."

Pan aliweka kidole chake juu ya lile jino. Alitaka kumfikishia salamu alizotumwa, ikashindikana. Akalia pale pale, magotini, mbele ya soksi na vitunguu. Alilia kwa mkewe, kwa sababu alikuwa amepita miaka saba bila kuliona jino hilo. Na alilia kwa furaha, tena furaha kubwa, na hakuona haya.

Matowashi waliogopa. "Fundi, samahani, tutaondoa soksi," alisema kijana.

"Ziacheni," alisema Pan. "Ziacheni zote. Jiko tu ndilo lisogee."

Alifanya kazi siku tatu. Aliuziba ufa kwa gundi ya samaki, akafunga vipande viwili vya msandali vilivyochongwa kama mbawa kuishikilia mbao isiachane tena, na kila mchana alikunywa chai kwenye kigoda cha kuazima huku akisimuliwa habari za popo wake mwenyewe. Siku ya kwanza aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, huko mbele majoka yakoje.

Gu aliwatazama wenzake. "Kuna majoka?"

"Si mnapangusa vumbi kila asubuhi?"

"Kwa fimbo ndefu ya manyoya, vichwa chini. Mimi napangusa nikitazama viatu vyangu. Nilisikia kuna kitu kama samaki."

Siku ya tatu, vifaa vikiwa vimefungwa, Babu Gu alichungulia nje akarudi. "Leo hakuna mtu kabisa. Pita mbele, inua kichwa, utazame unavyotaka. Sisi hatukuoni."

"Hapana, Babu. Nashukuru."

"Nenda, fundi. Nani atajua?"

"Hapana, Babu."

Gu alikuwa mtu aliyelelewa. "Nakuomba," alisema kwa mara ya tatu, "kaangalie."

"Hapana," alisema Pan, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikataa kitu kwa sababu hakukihitaji. Aligusa jino, akawaaga.

Nyumbani, Hong Zantai alikuwa anamsubiri kwenye benchi la uani. Macho ya Hong yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi iliyopita, kazi ya kuchonga magamba ya majoka ndiyo iliyoyamaliza, na sasa aliwatambua watu kwa kishindo cha miguu. Alikuwa ameandaa samaki wa mvuke na pombe ya mtama, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Pan hata siku moja.

"Mdogo wangu? Ni wewe? Ulikiona?"

"Nilikuwa ndani, Kaka."

"Na majoka?" Mzee alishika ukingo wa meza. "Watu wanapoingia... wanafanyaje?"

Miaka ishirini na minane Pan alikuwa amesubiri kuulizwa. Jibu alikuwa nalo ulimini, lenye makali, la kummaliza mtu: hakuna, Kaka Hong, hakuna aliyewahi kuyaona, si balozi, si mfalme, si anayeyapangusa. Alitazama mikono ya Hong juu ya meza, vidole vimepinda kama vyake.

"Kaka," alisema, "kila anayeingia, akifika tu mbele yake, anaanguka kifudifudi."

"Kifudifudi!"

"Paji la uso mpaka kwenye sakafu. Mara tisa. Hata mimi ilinibidi."

Machozi yalimtiririka Hong kwenye makunyanzi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipwa kila kitu. Kisha, kwa kuwa alikuwa Hong, akapangusa pua.

"Na popo wako?"

"Matowashi wametundika vitunguu saumu. Na soksi."

Hong alijaribu kujizuia. Hakuweza. Alicheka mpaka akashika benchi, akapaliwa, akapigwa mgongoni, akacheka tena. Pan naye alicheka pamoja naye, kwa sababu zake mwenyewe, na majirani walitoka kuangalia wazee hawa wamepatwa na nini.

"Soksi! Miaka saba!" Hong alihema. Halafu huruma ikamwingia, huruma ya kweli, ya mtu mwenye majoka tisa. Akapapasa sahani, akamega shavu la samaki, lile pande ambalo wenyeji wa Guangzhou humpa mgeni wa heshima, akalinyosha kwa vijiti kuelekea sauti ya mwenzake. "Pole sana, ndugu yangu. Chukua hili."

Pan alilipokea pale pale, mara ya kwanza alipopewa, akala.